Uzito wa Risasi au Urefu Wake? Maoni Juu ya Istilahi za Mtutu Wenye Mifuo

Mwaka 2021 yalipitishwa marekebisho ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Tangu hapo kazi ya kutafsiri, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya watu wachache, imeingia mezani mwa watumishi wengi ambao hawakuiomba wala hawakuisomea. Sheria hutafsiriwa, miongozo hutafsiriwa, taarifa za wataalamu hutafsiriwa. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini taarifa ya mtaalamu si barua ya mwaliko. Neno moja likipotea humo, mtu anaweza kupotea pamoja nalo.

Miongoni mwa maandishi tuliyoletewa ili tuyatolee maoni ni rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha mafunzo juu ya bunduki za mtutu wenye mifuo, kilichoandikwa kwanza kwa Kiingereza. Kimekusudiwa watu wanaotunza silaha na wale wanaoandika taarifa juu yake. Hatumtaji mfasiri wala ofisi yake, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Tumekwisha kuyaona kwingine, na mengine, tukisema kweli, tumewahi kuyafanya wenyewe. Rasimu hiyo tuliisomea Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichopo kaskazini ya Gombe, karibu kabisa na mpaka wa Burundi. Wasomaji wengi walilisikia jina la kijiji hicho mwezi Mei mwaka 2015, wakimbizi walipofurika pwani yake na meli ya Liemba ikawa inawachukua kuwapeleka Kigoma. Sisi tulikwenda huko kwa kazi nyingine, ya kukusanya majina ya zana za uvuvi na za vyombo vya majini. Kwamba kazi hizo mbili zingekutana hatukulitazamia, nasi tutalieleza hapo baadaye.

Tuanze na makosa ambayo kila msomaji atayaona mara moja. Chini ya picha moja sehemu ndefu ya bunduki inayopitisha risasi imeitwa «pipa». Neno la Kiingereza lina maana zote mbili, ya chombo cha kuwekea mafuta na ya bomba la bunduki; Kiswahili kina maneno mawili tofauti tangu zamani, nalo la bunduki ni mtutu, au kasiba kwa wale wanaolipenda zaidi. Ndani ya mtutu huo kuna mifuo iliyochongwa, na baina ya mfuo na mfuo kuna sehemu zilizoachwa zikiwa zimeinuka. Mfasiri ameziita sehemu hizo «ardhi». Hapa tena ametegwa na neno la Kiingereza ambalo huku nje lina maana ya nchi kavu, lakini kwa mafundi wa bunduki lina maana ya kijiinuko hicho. Mkulima yeyote wa Kigoma angemwambia kwamba baina ya mfereji na mfereji kuna tuta. Mifuo na matuta: tunayapendekeza maneno hayo bila ya kusita, kwani hakuna anayehitaji kufafanuliwa.

Zaidi ya hayo, rasimu inasema risasi fulani ina uzito wa «nafaka 62». Kipimo hicho cha Waingereza kilitokana kweli na punje ya shayiri, lakini leo ni kipimo kilichowekwa barabara: 7,000 hufanya ratili moja ya Kiingereza, na kimoja ni kama gramu 0.065. Msomaji wetu hana shayiri, ana mahindi, na punje 62 za mahindi zina uzito unaozidi risasi nzima tunayoizungumzia pamoja na ganda lake. Maoni yetu ni kwamba iandikwe gramu 4. Iwapo ni lazima kipimo cha asili kibaki, kwa sababu ndicho kilichopigwa chapa juu ya kasha, basi kiandikwe «greni 62» na gramu zifuate palepale.

Kuna kosa jingine lililotuchekesha kwanza, kisha likatutia hofu. Katika bunduki nyingi mifuo huzunguka kwa kuelekea kulia. Katika chache huelekea kushoto. Bunduki ya Kiingereza ya .303, iliyotumiwa sana na majeshi ya Uingereza katika nchi hizi, ina mifuo mitano inayoelekea kushoto. Bunduki za aina ya Kalashnikov zina minne inayoelekea kulia. Mifuo huacha alama zake juu ya risasi inapopita, na kwa alama hizo mtaalamu anaweza kusema risasi iliyookotwa ilitoka katika bunduki ya aina gani. Sasa, mahali ambapo kijitabu kilitaka kusema kwamba mifuo inaelekea kushoto, rasimu inasema ni «bunduki ya mashoto». Fikirini neno hilo likisomwa mahakamani kutoka katika taarifa ya mtaalamu, na mshitakiwa awe anashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mtaalamu amesema habari ya chuma; mfasiri amesema habari ya mtu. Hilo si suala la ufasaha wa lugha tena.

Hata hivyo makosa hayo yote husahihishwa kwa kalamu nyekundu katika muda wa asubuhi moja. Kosa lililotufanya tuandike makala haya ni la namna nyingine, kwa sababu sentensi yenyewe ni Kiswahili safi, haina neno geni hata moja, na msomaji ataipokea bila ya kushtuka. Inasema: «Kadiri risasi inavyokuwa nzito, ndivyo inavyohitaji kiwango cha juu cha msokoto.» Mistari michache mbele yake, mfasiri anatoa mfano wa kiwango cha juu, naye anataja mtutu wa «1:12», halafu anataja «1:7» kuwa ni kiwango cha chini.

Ili tuione hitilafu hiyo hatuna budi kueleza kidogo jinsi jambo lenyewe lilivyo. Risasi ndefu yenye ncha, ikirushwa bila ya kuzungushwa, haiendi kwa ncha. Hewa huisukuma mbele ya kitovu cha uzito wake na kutaka kuipindua. Mifuo ya mtutu huizungusha, na kwa kuzunguka husimama imara kama pia ya mtoto inavyosimama juu ya ncha yake maadamu inakwenda kasi. Mfuo mmoja ukifuatwa ndani ya mtutu, utaonekana umezunguka mara moja kamili baada ya urefu fulani. Katika mtutu mmoja urefu huo ni inchi 12, katika mwingine inchi 7. Hiyo ndiyo maana ya tarakimu za rasimu. Si uwiano wa kitu na kitu, ni urefu. Na mtutu ambao mfuo wake hukamilisha mzunguko ndani ya inchi 7 unaizungusha risasi kwa nguvu zaidi kuliko ule unaohitaji inchi 12. Tarakimu ndogo ina maana ya msokoto mkali. Mfasiri ameona 12 ni kubwa kuliko 7 akaipa cheo cha «juu», na hivyo shauri la kijitabu limegeuka kuwa kinyume chake. Atakayelifuata atatia risasi ndefu katika mtutu unaozungusha polepole, na risasi hiyo itayumba hewani na kupiga shabaha kwa ubavu wake.

Hatumlaumu sana kwa kugeuza tarakimu, kwani lawama ni ya istilahi aliyoichagua. «Kiwango cha msokoto» ni jina linalomwalika kila mtu akosee. Kiwango hupanda na kushuka. Tukisikia kiwango tunatazamia kwamba namba kubwa ni kitu kingi. Kipimo hiki kinakwenda kinyume, na jina lake lazima limwonye msomaji badala ya kumpoteza.

Sasa tuje kwenye uzito, ambao ndio kiini cha maoni yetu. Je, ni kweli kwamba risasi nzito ndiyo inayohitaji msokoto mkali? Pwani hii ya Kigoma inalo jibu katika historia yake. Wakati vita vya mwaka 1914 vilipoanza, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti ya moshi, ambayo risasi yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 11 na uzito wa gramu 25 hivi. Wengine walikuwa wamekwisha pewa Mauser ya mwaka 1898, yenye kipenyo cha milimita 8 kasoro kidogo, ambayo mtutu wake ulitengenezwa kwa risasi ya gramu 14.7. Kwa kanuni ya rasimu yetu, bunduki ya kwanza ndiyo iliyopaswa kuwa na msokoto mkali, kwani risasi yake ni nzito kwa zaidi ya nusu. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mifuo ya bunduki ya 1871 ilikamilisha mzunguko mmoja katika milimita 550. Ya 1898 katika milimita 240. Risasi nzito ilizungushwa polepole, nyepesi ikazungushwa kwa kasi.

Sababu yake ni urefu. Risasi ile ya gramu 25 ilikuwa nene na fupi, urefu wake karibu mara mbili na nusu ya kipenyo chake. Ile ya gramu 14.7 ilikuwa nyembamba, urefu wake karibu mara nne ya kipenyo. Kitu chembamba na kirefu ndicho kinachopinduliwa na hewa kwa urahisi. Mwaka 1879 mwanahisabati wa Kiingereza, George Greenhill, aliyewafundisha maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni ambayo mafundi wanaitumia hata leo kwa makadirio: ugawe 150 kwa urefu wa risasi uliopimwa kwa vipenyo vyake, na jawabu, likiwa pia kwa vipenyo, ndilo urefu wa mzunguko mmoja wa mfuo. Kwa mwendo wa kasi sana hutumiwa 180 badala ya 150. Msomaji na aitazame kanuni hiyo tena: uzito haumo. Greenhill aliichukulia risasi kuwa ni ya madini mazito yanayokaribia risasi halisi, kisha akauliza urefu tu.

Wajerumani wenyewe walitoa ushahidi wa pili bila ya kukusudia. Mwaka 1905 waliiacha risasi ya gramu 14.7 wakaanza kutumia nyingine yenye ncha kali ya gramu 10 hivi. Uzito ulipungua kwa thuluthi nzima, na mtutu ukabaki na mzunguko wake uleule wa milimita 240, bila ya matatizo. Waingereza nao mwaka 1910 waliiacha risasi ya .303 ya gramu 13.9 wakatoa ya gramu 11.3. Lakini ndani ya ncha ya risasi hiyo mpya walitia kipande cha alumini, madini mepesi, hivyo risasi ikapungua uzito bila ya kupungua urefu kwa kadiri hiyo. Mtu anayehukumu kwa mizani hataiona alumini hiyo.

Mfano wa siku za karibu zaidi ni wa bunduki ya Kimarekani ya milimita 5.56. Hapo mwanzo ilirusha risasi ya gramu 3.6 kwa mtutu wa inchi 12. Katika miaka ya 1980 ilibadilishwa, ikapewa risasi ya gramu 4.0 na mtutu wa inchi 7. Vijitabu vingi, pamoja na hiki chetu, hulieleza badiliko hilo kwa uzito: risasi iliongezeka, msokoto ukaongezeka. Lakini nyongeza ya gramu 0.4 haielezi kuruka kutoka 12 hadi 7. Risasi hiyo ingetosheka na mtutu wa inchi 9. Kilichowalazimisha kufika 7 ni risasi nyingine iliyotumiwa pamoja nayo, ile inayowaka nyuma ili mpigaji aione njia yake usiku. Hiyo ina uzito wa gramu 4.1 tu, karibu sawa na mwenzake, lakini kwa kuwa tumbo lake limejazwa dawa ya kuwaka badala ya madini mazito, urefu wake ni kama milimita 29, na wa mwenzake ni 23. Mizani inasema ni ndugu pacha. Rula inasema sivyo.

Tunajua jibu la mfasiri, kwani alilitoa kwa adabu tulipomwandikia: kijitabu cha Kiingereza chenyewe kinasema uzito, naye si fundi wa bunduki, kazi yake ni kutafsiri kilichoandikwa. Hoja hiyo ina haki yake. Mafundi na wauzaji wa nchi zile husema uzito kwa kuwa ndio uliochapwa juu ya kasha, na kwa kuwa risasi mbili za kipenyo kimoja, madini yaleyale na umbo lilelile haziwezi kutofautiana uzito bila ya kutofautiana urefu. Kwao uzito ni njia ya mkato ya kutaja urefu, na kila mmoja anajua njia hiyo inapofikia. Lakini njia ya mkato haisafiri pamoja na sentensi. Msomaji wa Kiswahili anapewa uzito kama sababu. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: ndani ya matini mfasiri na aache neno uzito, kwa kuwa hana ruhusa ya kumsahihisha mwandishi kimyakimya, lakini aweke maelezo chini ya ukurasa kwamba urefu ndio unaotenda kazi. Na pale anapounda istilahi, ambapo yeye ndiye mwandishi, asiufunge uzito ndani ya jina. Rasimu imefanya hivyo: inatuletea «msokoto wa uzito» kama jina la kitaalamu la kulinganisha risasi na mtutu. Jina hilo likikubaliwa litaishi kuliko kijitabu.

Isitoshe, kwa Kiswahili «uzito wa risasi» una shida yake yenyewe, isiyotokana na Kiingereza. Risasi kwetu ni nini? Kwanza ni madini, na hiyo ndiyo maana ya asili tuliyoipokea pamoja na neno kutoka Kiarabu. Pili ni kile kinachoruka na kupiga. Tatu ni kitu kizima kinachotiwa bundukini: ganda, baruti, fataki na hicho kinachoruka. Mtunza ghala akiambiwa apime uzito wa risasi ya 5.56 atakiweka kizima juu ya mizani na kuandika gramu 12, mara tatu ya ule tunaoutaka. Kwa risasi ya Kalashnikov ataandika zaidi ya 16 badala ya 8. Katika sheria, neno risasi kwa maana ya kitu kizima limekwisha zoeleka, wala hatuoni faida ya kulisumbua. Polisi nao husema «maganda ya risasi» na kila mtu huelewa. Kinachokosekana ni jina la kile kinachoruka, na jina hilo mafundi wanalo: kichwa cha risasi. Tunashauri lichukuliwe kama lilivyo.

Maana ya kwanza, ya madini, italeta matata zaidi siku zijazo. Katika nchi kadhaa sasa wawindaji wanatakiwa waache vichwa vya risasi vya madini ya risasi, kwa ajili ya sumu yake, watumie vya shaba nyekundu. Tutasema nini, «risasi isiyo ya risasi»? Mzaha huo una somo ndani yake. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, hivyo kichwa cha shaba chenye uzito na kipenyo vilevile lazima kiwe kirefu zaidi, kwa kiasi cha robo hivi. Atakayeshika kanuni ya uzito ataviona vichwa hivyo viwili kuwa sawa, atavitumia katika mtutu mmoja, na kimoja kitamtia aibu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini lugha yetu, iliyozoea bunduki kwa karne nyingi, ikose maneno hapa. Jibu letu ni kwamba haikosi maneno ya bunduki iliyoijua. Misafara iliyofika Ujiji katika karne ya 19 ilibeba bunduki za mtutu laini, na kwa hizo tuna kila jina: gobori, gumegume, mdeki wa kushindilia, kifa, fataki, marisau. Kamusi za zamani zimeyahifadhi. Mtutu wenye mifuo ulikuja na majeshi ya wakoloni, na majeshi hayo yalimfundisha askari kulenga na kusafisha. Habari za ndani ya mtutu zilibaki katika vitabu vya maofisa, kwa lugha zao. Basi msamiati wetu unakoma mahali mifuo inapoanza. Meli tuliyoitaja, Liemba, ni shahidi wa jambo hilo. Ilipokuwa bado inaitwa Graf von Götzen ilibeba mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari ya Königsberg baada ya manowari hiyo kuzamishwa Rufiji mwaka 1915, na mzinga huo ulikuwa na mifuo. Habari za meli yenyewe husimuliwa mpaka leo. Neno la Kiswahili la mifuo ile hatukulisikia kwa mtu.

Na sasa Kagunga. Siku ya tatu tulikuwa tumekaa na fundi wa mashine za boti, chini ya mwembe, tukiandika majina ya vipande alivyovifungua. Alikuwa na propela mbili, ambazo kamusi zetu huziita rafadha, ingawa tulipolitamka neno hilo alitutazama kama tuliosema Kigiriki. Kwa macho yetu zilikuwa sawa. Tulimwuliza tofauti yake.

«Hii ina hatua ndefu, mwalimu, na hii ina hatua fupi,» alisema, akafuata ubao wa propela kwa kidole. «Ikizunguka mara moja, hii inaruka mbali. Lakini ukipakia watu na magunia inashindwa, injini inalia tu. Ya mzigo ni hii ya hatua fupi.»

Tulimwuliza pia juu ya parafujo iliyokuwa mkononi mwake. Mfuo wake aliuita hesi, kama mafundi wa mjini, na akasema hesi hiyo ni «ya hatua za karibukaribu». Hakuwa akitafuta istilahi. Alikuwa akitaja umbali ambao kitu husogea kinapozunguka mara moja, na kwa propela, kwa parafujo na, tukaongeza sisi kimoyomoyo, kwa mfuo wa mtutu, umbali huo ni kitu kimoja. Kiingereza kina majina tofauti kwa hivyo, kwa ajili ya historia yake. Sisi hatulazimiki kuirithi historia hiyo.

Kwa hiyo mahali pa «kiwango cha msokoto» tunapendekeza hatua ya mfuo. Faida yake ya kwanza ni kwamba hatua ni urefu, hivyo msomaji akiona «hatua ya mfuo: milimita 178» hatafikiri juu ya uwiano wala kiwango. Ya pili ni kwamba fupi na ndefu haziwezi kugeuzwa: hatua fupi ina namba ndogo, hatua ndefu ina namba kubwa, na kichwa kirefu cha risasi huhitaji hatua fupi. Msokoto tunauacha kwa ajili ya mwelekeo peke yake, msokoto wa kulia na msokoto wa kushoto, kwa sharti kwamba itajwe wazi mara moja katika kila kitabu kuwa mtu anatazama kutoka upande wa kitako kuelekea mdomo wa mtutu.

Lazima tukiri kwamba mfano wa fundi wetu usichukuliwe kupita mpaka wake. Katika boti ni mzigo, yaani uzito hasa, unaodai hatua fupi. Katika bunduki ni urefu. Yawezekana kabisa kwamba kufanana huku ndiko kunakowafanya watu wengi waikubali kanuni ya uzito bila ya kuichunguza, kwa sababu katika maisha ya kila siku kitu kizito ndicho kinachohitaji kusukumwa zaidi. Mwalimu atakayetumia propela kufundishia hatua afanye vyema kuwaambia wanafunzi hivyo.

Mjadala haukukosekana. Mwenzetu mmoja alipinga neno hatua kwa kuwa katika maandishi ya serikali limekwisha choka: hatua zimechukuliwa, hatua zinaendelea kuchukuliwa. Alipendelea «mwendo wa mfuo». Tulimjibu kwamba mwendo hudhaniwa kuwa ni kasi, na kasi ni jambo jingine kabisa katika bunduki, tena linaloingia katika hesabu ileile. Hakuridhika, na hoja yake tunaiweka hapa ili wasomaji waipime. Mwingine alitaka «hesi» badala ya mfuo. Hilo tulilifikiria kwa muda, kwani ni neno zuri la karakana, lakini hesi ya parafujo huingia katika hesi ya nati na kukaa. Mfuo wa mtutu hupitisha.

Rasimu tumeirudisha kwa mfasiri ikiwa na masahihisho hayo, pamoja na shukrani, maana sura yake juu ya utunzaji na usafishaji imeandikwa kwa Kiswahili ambacho tungetamani kukiona katika miongozo mingi zaidi. Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kumsaidia. Kichwa cha risasi kinachofika kikiwa kimelala huacha katika karatasi ya shabaha tundu refu lisilo la duara, na mafundi wa Kiingereza hulifananisha na tundu la ufunguo. Yeye ametafsiri neno kwa neno, na katika nchi ya makomeo na kufuli za kuning'inia picha hiyo haimfikii msomaji. Tumeandika «kupiga ubavu» kwa kalamu ya risasi, pembeni, tukiwa na alama ya kuuliza mbele yake. Mwenye neno bora zaidi, hasa kama amelisikia kwa watu wanaolitumia kazini, atuletee.